Mitatu Juu ya Miwili

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, sharifu wa kisiwa cha Pate wa karne ya 18, alilipenda shairi la Fumo Liyongo, shujaa aliyekwisha kufa zamani. Hakuliandikia sifa. Alilitia takhmisi.

Jina hilo latokana na khamsa, tano kwa Kiarabu. Mtunzi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe, haigusi hata herufi, kisha huitangulizia mitatu yake kwa mizani ile ile na vina vinavyokubaliana na vya asili. Si kazi nyepesi. Mitatu ile sharti imfikishe msikilizaji mlangoni pa miwili ya mwenyewe, mpaka ubeti mzima uonekane umetoka kinywa kimoja. Shairi lililosomwa juu juu halikubali kutiwa takhmisi. Mtu hukaa nalo faraghani, akijiuliza kila ubeti: mwenzangu alipitia wapi hata akafika hapa?

Na tazama ni nani aliyejiuliza. Sayyid Abdallah ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa utenzi wa Al-Inkishafi, anayeuonya moyo wake kwa magofu ya majumba ya Pate. Mcha Mungu huyo aliingia ndani ya majigambo ya mtu wa mkuki na upinde, akamwazima sauti yake ubeti baada ya ubeti. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo baina ya washairi.

Mmisionari Edward Steere alipochapa kitabu cha Swahili Tales huko London mwaka 1870, aliliweka humo shairi la Liyongo pamoja na takhmisi yake. Maneno ya shujaa yaliingia kitabuni yakiwa yamebebwa na yule aliyeyapenda.

Mombasa nako mshairi alitunzwa na mwenziwe. Mshairi Muyaka bin Haji alipofariki mwaka 1840, beti zake zilibaki vinywani mwa watu. Aliyezikusanya ni mshairi mwenziwe, Mwalimu Sikujua, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Sikujua alifariki mwaka 1890. Diwani ya Muyaka, iliyohaririwa na William Hichens, ikatoka Johannesburg mwaka 1940, nusu karne baadaye. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Ndani ya karatasi hizo, kando ya beti za Muyaka, mna maelezo ya Sikujua: maana ya neno la kale la Kimvita, lahaja ya Mombasa, na kisa kilichomfanya Muyaka atunge.