Kuuziwa Mbuzi Kwenye Gunia

Jumamosi iliyopita nilipita kwenye banda moja la gemu hapa Sombetini. Vijana walikuwa wamebanana kwenye benchi, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kushika pedi. Mwenye banda akaniuliza: "Kaka, mchezo mpya unapotoka, nitajuaje kama ni mzuri kabla sijatoa hela yangu?"

Kwa desturi, jibu ni mhakiki. Kampuni humpelekea mwandishi nakala kabla ya siku ya mauzo. Naye hukubali masharti mawili: asichapishe kabla ya saa iliyopangwa, na asifichue mwisho wa hadithi. Masharti hayo si mageni kwetu watu wa redio. Ni hotuba ngapi zimetufikia mapema, juu yake pameandikwa zisitangazwe kabla msemaji hajasimama!

Na siri ya hadithi ni kitu cha heshima. Waliokaa kwenye mabanda ya video enzi za kanda wanamkumbuka Kapteni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyewasimulia watazamaji wa Dar es Salaam filamu za kigeni kwa Kiswahili. Msimulizi wa namna hiyo akimwaga mtama kwenye kuku wengi, amewapokonya watu kiingilio chao.

Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alikwenda mbali zaidi. Filamu yake ya Psycho hakuwaonyesha wahakiki mapema. Waliitazama pamoja na umma, na aliyechelewa hakuruhusiwa kuingia. Filamu ilikuwa nzuri, hivyo hakuna aliyedhurika.

Kampuni za gemu nazo zikaingia njia hiyo. Oktoba 2016 Bethesda ya Marekani ilitangaza kwamba waandishi watapata nakala siku moja tu kabla ya mauzo, ati wote waonje pamoja. Siku moja! Mchezo wa saa makumi utahakikiwa vipi kwa siku moja?

Tuseme kweli, kampuni nazo huumizwa. Aprili 2020 sehemu za The Last of Us Part II zilivuja mtandaoni, ilhali mchezo ulitoka tarehe 19 Juni. Hapo muuzaji na mnunuzi walilia pamoja.

Lakini Desemba ya mwaka huo huo tuliona sura ya pili. CD Projekt ya Poland ilikuwa ikileta Cyberpunk 2077, na nakala zaidi ya milioni 8 zilikwisha kuagizwa kabla mchezo haujatoka. Wahakiki walipewa nakala za kompyuta tu. Za PlayStation 4 na Xbox One hawakupewa. Hata picha za video walizoruhusiwa kuonyesha zilikuwa zile za kampuni yenyewe. Tarehe 7 sifa zikamiminika. Tarehe 10 wanunuzi wakafungua gunia: kwenye mashine hizo za zamani mchezo ulikwama na kuzima ovyo. Tarehe 18 Sony ikauondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuahidi kurudisha fedha. Kampuni ikaomba radhi, na mchezo haukurudi dukani humo hadi Juni 2021.

Ndugu msikilizaji, siri ziko mbili, nazo huvaa kanzu moja. Ya kwanza humtunzia mnunuzi utamu wa hadithi. Ya pili humficha mnunuzi ubovu wa bidhaa. Mwandishi hana budi kujiuliza ni ipi anayoitia saini, na akinyimwa kuona kitu, awaambie wasomaji wake waziwazi kwamba amenyimwa.

Kwa mwenye banda, ushauri wangu ni mfupi: usinunue siku ya kwanza. Ngoja wiki, wasikilize walionunua.

Tukiwa watoto tulitegana vitendawili. Aliyeshindwa aliambiwa, "Nipe mji," akatoa mji ndipo akaambiwa jibu. Mtegaji anayo haki ya kuficha jibu mpaka apewe mji. Hana haki ya kupokea mji kwa kitendawili kisicho na jibu.