Miaka 100 ya Chuma na Kioo Fresnoy-le-Grand

Mwaka 1924, katika maonyesho ya biashara ya Brussels, Wabelgiji wawili walikutana. Armand Desaegher alikuwa fundi wa kusubu chuma. Octave Aubecq aliijua kazi ya enameli. Mwaka uliofuata walifungua kiwanda katika mji mdogo wa Fresnoy-le-Grand, kaskazini mwa Ufaransa, wakakiita Le Creuset, yaani chungu cha kuyeyushia madini. Kiwanda hicho kilitimiza karne moja mwaka 2025, na vyungu vyake vya chuma bado vinasubiwa papo hapo. Watu wengi husimulia historia yake kama historia ya rangi, wakianzia na ile ya machungwa ya kwanza, Volcanique, inayofanana na chuma kinachotokota tanurini. Rangi hiyo ni nzuri kweli, lakini haielezi kwa nini kiwanda kimedumu. Kilichokidumisha ni uamuzi wa 1925 wa kuziweka chini ya paa moja fani mbili ambazo malighafi zake hazipatani.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa hesabu. Fresnoy-le-Grand iko karibu na Saint-Quentin, kwenye reli inayotoka Paris kuelekea mpaka wa Ubelgiji, na hapo chuma, mchanga na makaa ya koki vingeweza kufika bila gharama kubwa ya usafirishaji. Eneo hilo lilikuwa limepondwa na Vita Kuu ya Kwanza, miaka saba tu kabla. Kufungua tanuri mahali kama hapo kulihitaji moyo.

Ugomvi wa malighafi hizo unafaa kuelezwa kwa kina, maana ndani yake ndimo ufundi wote ulimo. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Kikichanganyika na kaboni ya asilimia 2 hadi 4, huyeyuka kwenye nyuzi 1,200 hivi, kikatiririka vizuri hadi kwenye pembe za kalibu. Kalibu yenyewe ni mchanga ulioshindiliwa, na kila moja hutoa chungu kimoja tu: chuma kikishaganda, mchanga hubomolewa, ukachekechwa na kushindiliwa upya. Chungu kilichotoka humo hupigwa kwa chembe za chuma mpaka uso wake ukwaruzike, ili kioo kipate mahali pa kushika. Enameli ni kioo hicho. Mchanga wa silika, feldspa na boraksi huyeyushwa, hupozwa ghafla mpaka vikapasuka vipande vipande, husagwa, huchanganywa na maji, hunyunyizwa juu ya chuma, kisha chungu huchomwa kwenye joto la karibu nyuzi 800. Hapo ndipo mtihani ulipo. Chuma na kioo vyote hutanuka kwa joto na kusinyaa vikipoa, na kioo kikivutwa hupasuka upesi, ilhali kikibanwa huvumilia. Kwa hiyo mchanganyiko wa kioo hupimwa ili chuma kisinyae zaidi kidogo kuliko kioo, na hivyo kikibane. Tena ile kaboni iliyomrahisishia kazi fundi wa kusubu ndiyo inayomtesa fundi wa enameli: ikichomwa hutoa gesi, na gesi hutoboa vishimo katika kioo ambacho bado ni laini. Msomaji anayekijua kikombe cheupe cha bati chenye ukingo wa buluu ameiona enameli na anajua inavyobanduka ikigongwa. Kikombe hicho ni cha bati jembamba la chuma chenye kaboni kidogo sana na unene ule ule kila mahali. Chungu cha kusubu kina kaboni nyingi, na kitako, mbavu na masikio yake havilingani unene. Kosa la kalibu, kwa hiyo, linaweza kujificha mpaka kwenye tanuri la enameli. Fani hizi zingekaa katika viwanda viwili, kila fundi angemlaumu mwenzake kwa barua.

Wapo watakaosema kwamba watu hununua rangi na umbo, si hesabu za kutanuka kwa metali, na wana ushahidi. Mwaka 1958 kiwanda kilimwita Raymond Loewy, mbunifu mashuhuri wa Marekani, akachora chungu cha Coquelle. Baadaye Mwitalia Enzo Mari akachora vyombo vya Mama. Siwezi kudai kwamba majina hayo hayakuuza. Ila rangi yenyewe ni kazi ya moto. Nyekundu na machungwa kali za enameli kwa kawaida hutokana na kadimi pamoja na seleniamu, na hizo hufifia au kugeuka nyeusi moto ukikosewa. Anayeweza kutoa rangi ile ile mwaka baada ya mwaka anatawala tanuri lake. Mfano mwingine ni kampuni ya vyungu ya Staub, iliyoanzishwa Alsace mwaka 1974. Haikuingia sokoni kwa rangi ya kung'aa. Enameli yake ya ndani ni nyeusi isiyong'aa, na wapishi waliipokea.

Pingamizi zito zaidi ni la mpishi. Alumini safi hupitisha joto zaidi ya mara nne ya chuma cha kusubu, ni nyepesi, na sufuria yake ni rahisi kwa bei. Kwa kuchemsha maji ya ugali, sufuria inashinda, na bei ya chungu cha Fresnoy ni kubwa mno kwa kaya nyingi hata huko Ufaransa kwenyewe. Uzito wake una faida mahali pengine: hupata moto taratibu, lakini kikishaupata hakiuachii upesi, kwa hiyo nyama ngumu inayopikwa saa tatu kwa moto mdogo haiungui chini. Na kioo cha ndani kinafanya kazi ambayo chuma kitupu hakiiwezi. Nyanya, siki au ukwaju vikikaa ndani ya chuma kisichopakwa huchukua ladha ya chuma na mchuzi hugeuka rangi.

Mwaka 1957 Le Creuset iliwanunua washindani wake wa Cousances, ambao historia yao ya kuyeyusha chuma hurudishwa nyuma hadi 1553. Umri wa karne nne haukuwaokoa. Mwaka 1988 kampuni yenyewe ilinunuliwa na Paul van Zuydam kutoka Afrika Kusini, na tangu hapo jina hilo limewekwa kwenye vyombo vya udongo na vya chuma cha pua vinavyotengenezwa nchi nyingine. Vyungu vya kusubu havikuhamishwa. Vinakaguliwa hapo hapo Fresnoy, na chenye ufa au kishimo kabla ya enameli huvunjwa, vipande vyake vikarudi tanurini kuyeyushwa pamoja na chuma kipya.