Highlander: Shule ya Mlimani Iliyolea Viongozi wa Vijijini

Mwezi Novemba 1932, Marekani ikiwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, shule ndogo ya watu wazima ilifunguliwa karibu na Monteagle, katika milima ya Cumberland, jimbo la Tennessee. Kaunti ya Grundy, ilikofunguliwa, ilikuwa miongoni mwa maskini kabisa nchini: kazi za migodi ya makaa ya mawe zilikuwa zimepungua, misitu imekatwa, na familia nyingi ziliishi kwa msaada. Shule hiyo, Highlander Folk School, haikuwa na mitihani wala haikuchagua wanafunzi kwa alama. Iliwakutanisha wakulima, wachimba migodi na vibarua, wazee kwa vijana, wajifunze kuyaongoza mambo yao wenyewe, kisha warudi walikotoka. Zaidi ya miaka 90 imepita na taasisi hiyo ingali hai. Inastahili kukumbukwa kwa sababu ilishikilia imani ambayo wengi huitamka na wachache huifuata: kwamba kiongozi wa kijiji yumo kijijini tayari, na kazi ya shule ni kumkutanisha na wenzake.

Chimbuko

Mwasisi wake mkuu, Myles Horton, alizaliwa Tennessee mwaka 1905, mtoto wa walimu. Mwaka 1927, akiwa bado chuoni, aliendesha masomo ya Biblia ya likizo kwa watoto wa kijiji cha Ozone. Akaona vema awaite na wazazi, wazungumzie shida zao. Walikuja na maswali juu ya ajira, kilimo na afya, na yeye hakuwa na jibu hata moja. Alikiri hivyo mbele yao, akawaomba waelezane wanayoyajua. Muda si muda ilidhihirika kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu ya jibu. Mikutano ikakua, watu wakaendelea kuja.

Horton alisoma baadaye Union Theological Seminary mjini New York, chini ya mwanateolojia Reinhold Niebuhr, kisha Chuo Kikuu cha Chicago. Katika kutafuta mfano wa shule aliyoiota, alisikia habari za shule za wananchi za Denmark, zilizotokana na fikra za N. F. S. Grundtvig katika karne ya 19. Hizo zilikuwa shule za bweni ambamo vijana wa wakulima walijadiliana, wakaimba na kusoma historia yao bila mitihani, kisha wakarudi mashambani na kuimarisha vyama vya ushirika. Horton alikwenda kuziona mwaka 1931. Aliporudi aliungana na Don West, mwalimu na mshairi kutoka Georgia, na Lilian Johnson, mwanamke msomi aliyekuwa na nyumba na shamba karibu na Monteagle, akawaachia mahali pa kuanzia.

Miaka ya migomo

Mtihani wa kwanza ulikuja mara moja. Majira hayohayo ya baridi wachimba makaa wa Wilder, humohumo Tennessee, walikuwa kwenye mgomo, na Horton alikwenda kwao, akakamatwa na askari. Kiongozi wa wachimbaji hao, Barney Graham, aliuawa kwa risasi mwaka 1933. Kifo hicho kiliwafundisha waasisi somo zito: jumuiya inayomtegemea mtu mmoja huweza kunyamazishwa kwa kumwondoa mtu huyo. Yafaa viongozi wawe wengi.

Walimu wa mwanzo walikuja na masomo waliyoyaandaa wao, na wanakijiji hawakuyaona yana faida kwao. Ikabidi waanze upya kwa kusikiliza. Baada ya hapo ukapatikana mpangilio uliodumu kwa miaka mingi. Watu walioteuliwa na vyama au jumuiya zao walikaa pamoja kwa siku kadhaa au wiki kadhaa, wakala meza moja, wakafanya kazi za nyumbani kwa zamu. Kikao kilianza kwa kila mtu kueleza tatizo lililomleta. Wenzake walimwuliza, wakapima aliyoyajaribu, wakatoa mifano ya kwao. Mtaalamu aliitwa pale tu walipokosa taarifa fulani. Kikao cha mwisho kilikuwa na swali moja: ukifika nyumbani utafanya nini?

Katika miaka ya 1930 na 1940 mamia ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa kusini mwa Marekani walipitia hapo. Zilphia Horton, mke wa Myles, alisimamia muziki na maigizo, na mwaka 1946 wanawake waliogoma katika kiwanda cha tumbaku mjini Charleston walimletea wimbo uliokuja kujulikana duniani kote kama We Shall Overcome.

Meza moja kwa weusi na weupe

Sheria za Tennessee zilikataza weusi na weupe kusoma pamoja. Mwaka 1944 Highlander iliendesha warsha ambayo wafanyakazi wa rangi zote mbili walilala, wakala na kusoma pamoja, na haikurudi nyuma tena. Katika miaka ya 1950 mkazo ulihamia kwenye kuvunja ubaguzi mashuleni.

Majira ya joto ya mwaka 1955 mshonaji kutoka Montgomery, Alabama, alihudhuria warsha ya wiki mbili. Jina lake Rosa Parks. Tayari alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na mlezi wa vijana wa chama hicho. Swali la mwisho lilipomfikia, alijibu bila matumaini makubwa: watu wa mji wake hawakuwa na umoja, ila yeye angeendelea na vijana. Desemba mwaka huohuo alikataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, na weusi wa mji huo wakasusia mabasi kwa zaidi ya mwaka. Highlander haikumpa Parks ujasiri, maana alikuja nao. Ilimpa wiki mbili za kuishi miongoni mwa weupe kama mtu sawa na wao, jambo ambalo yeye mwenyewe alilitaja mara nyingi baadaye.

Darasa la nyuma ya duka

Kazi kubwa kuliko zote ilianza kisiwani Johns Island, pwani ya Carolina Kusini. Esau Jenkins aliendesha basi la kuwapeleka wafanyakazi Charleston, na njiani abiria mmoja alimwomba amfundishe kusoma, kwa kuwa bila kusoma kifungu cha katiba hangeandikishwa kupiga kura. Jenkins alilipeleka ombi hilo Highlander. Huko alikuwapo Septima Clark, mwalimu aliyefukuzwa kazi mwaka 1956 baada ya takriban miaka 40 ya kufundisha, kwa sababu alikataa kujitoa NAACP.

Wanakisiwa walikopeshwa fedha na Highlander, wakanunua jengo. Chumba cha mbele kikawa duka la ushirika, ili wazungu wasishuku. Cha nyuma kikawa darasa. Mwalimu aliyechaguliwa hakuwa mwalimu. Bernice Robinson alikuwa msusi na mshonaji, na Clark na Horton walimtaka yeye kwa sababu hangewafundisha watu wazima kama watoto. Januari 1957 alianza na wanafunzi 14. Aliwauliza wanataka kujua nini. Walitaka kuandika majina yao, kusoma Biblia na kujaza fomu za kutuma fedha na za kujiandikisha kupiga kura. Hayo ndiyo yakawa masomo.

Madarasa yalienea visiwani, na mwaka 1961 mpango mzima ulikabidhiwa kwa SCLC, chama cha Martin Luther King, Clark akiendelea kuusimamia. Maelfu ya watu wa kawaida wakawa walimu. Fannie Lou Hamer, kibarua wa mashamba ya pamba Mississippi aliyekuja kutikisa siasa za taifa, alipata mafunzo katika mpango huo.

Kufungwa na kuanza tena

Mafanikio yalileta hasira. Julai 1959 askari waliivamia shule usiku na kumkamata Clark. Vijana waliokuwemo waliendelea kuimba gizani. Mwaka 1961 jimbo liliifutia Highlander usajili, likachukua mali zake na kuzipiga mnada. Horton alisema wamefunga majengo, wazo hawawezi kulifunga. Taasisi ilisajiliwa upya kama Highlander Research and Education Center mjini Knoxville, kisha ikahamia shamba la New Market, ilipo hadi sasa.

Huko ilirejea kwa watu wa milimani. Wakazi wa Appalachia walifundishwa kusoma daftari za ardhi katika ofisi za kaunti, na utafiti wao wa kaunti 80 katika majimbo 6 ukaonyesha jinsi makampuni na wamiliki wa mbali walivyoshika ardhi na madini huku wakilipa kodi kidogo. Mwaka 1987 Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil, alifika kuzungumza na Horton juu ya elimu na ukombozi. Horton alifariki Januari 1990. Machi 2019 moto uliteketeza ofisi kuu na nyaraka nyingi, na alama ya wabaguzi ikakutwa imechorwa eneo la tukio. Kazi haikusimama.

Sisi Watanzania tuna undugu na historia hii. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa Tanzania mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden vinatokana na shina lilelile la shule za wananchi za nchi za Kaskazini mwa Ulaya. Tunapopanga mafunzo ya uongozi kwa vijana na wazee wa vijijini kwetu, Highlander inatudai mambo matatu: tuanze na tatizo walilokuja nalo washiriki, tumwamini msusi na dereva wa basi kuwa walimu, na tuyapime mafunzo kwa yale yatakayotendeka kijijini baada ya washiriki kurudi. Mafunzo yasiyopita kipimo hicho, hata yakiwa na bajeti kubwa, hayajamlea kiongozi.