Rolex ya Kasese: Chapati, Reli na Mpaka

Miongoni mwa vyakula vinavyouzwa kando ya barabara za Uganda, ni vichache vinavyopendwa na watu wa kila hali kama rolex, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai yaliyokaangwa kwa kitunguu, nyanya na kabichi iliyokatwa nyembamba. Historia yake kwa kawaida husimuliwa kuanzia mashariki na katikati ya nchi: wapishi wa Busoga hutajwa kuwa waanzilishi, na mtaa wa Wandegeya, ulio jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, husifiwa kuwa ndiko ilikopata umaarufu kwa wanafunzi wasio na muda wala fedha za kukaa mkahawani. Masimulizi hayo yana uzito, lakini hayatoshi kueleza kwa nini chakula hicho kilipokelewa vizuri katika miji ya Kasese na Bwera, nchini mwa Wakonzo, ambao mlo wao wa asili ni obundu, yaani ugali wa unga wa muhogo.

Chapati yenyewe ililetwa Afrika Mashariki na Wahindi, na wengi huona kwamba walioileta ni vibarua waliojenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901. Dhana hiyo inahitaji kupunguzwa nguvu, kwa kuwa kati ya vibarua hao wapatao 32,000 ni takriban 6,700 tu waliobaki baada ya kazi kwisha, na wafanyabiashara waliokuja kwa gharama zao wenyewe, wakafungua maduka ya unga, mafuta na chumvi hadi vijijini, huenda ndio waliofanya zaidi kuizoesha ngano kwa wenyeji. Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka mwaka 1972, maduka yalibadilisha wenyewe, ilhali chapati ilikwishakuwa mali ya kila mtu.

Mji wa Kasese ulikuzwa na reli na shaba. Njia ya reli kutoka Kampala ilifika huko mwaka 1956, mwaka uleule ambao mgodi wa Kilembe, ulio kwenye miteremko ya milima ya Rwenzori, ulianza uzalishaji, na shaba yake ikasafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Mgodi ulikusanya watu wa makabila mengi waliolipwa mshahara na kufanya kazi kwa zamu, mbali na majiko ya nyumbani kwao, na ni katika maisha ya namna hiyo ambapo chakula cha kununuliwa na kuliwa kwa mkono hupata nafasi. Uzalishaji wa shaba ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980 na treni nazo zikaacha kuja katika muongo uliofuata, lakini mji haukuhama. Biashara ndogo zilizidi kutegemewa, na kibanda cha chapati ni kati ya zile zinazohitaji mtaji mdogo kabisa: sigiri, kikaango bapa cha chuma, meza na trei ya mayai.

Hali kama hiyo ilitokea mbali sana, huko Tampa, Marekani, ambako wafanyakazi wa viwanda vya sigara walitoka Kuba kwenda kuishi katika kitongoji cha Ybor City kuanzia miaka ya 1880, na mkate wao uliojazwa nyama ya nguruwe, jibini na haradali ukawa chakula cha kiwandani kabla ya kuwa fahari ya mji. Kasese, kwa upande wake, iliupoteza mgodi wake, na wateja wapya wakaletwa na barabara ya kwenda mpakani.

Barabara hiyo, yenye urefu wa takriban kilomita 50, hupita Bwera na kuishia Mpondwe, mkabala na Kasindi ya Kongo. Wakonzo na Wanande wa ng'ambo hukaribiana sana kwa lugha na nasaba, na Kiswahili husaidia pale wageni wengine wanapoingia katika mapatano ya bei. Siku za gulio, wachuuzi, wapagazi na madereva wa malori wanaosubiri karatasi za forodha hununua rolex au kikomando, ambayo ni chapati iliyokatwa vipande na kuchanganywa na maharage. Utegemezi huo una hatari yake: Juni 2019, baada ya wagonjwa wa Ebola kutoka Kongo kuthibitishwa wilayani Kasese, mikusanyiko ikiwemo ya magulio ilisitishwa, na muuzaji anayeishi kwa mauzo ya siku hiyohiyo hana akiba ya kungojea amri iondolewe.

Mwaka 2022 pigo lilitoka mbali zaidi, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano na mafuta ya kupikia duniani. Uganda huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, na mpishi asiyetaka kumpandishia mteja bei hana njia nyingi zaidi ya kupunguza donge la unga.