Jina, Mpaji na Nasaba: Majina ya Wanawake katika Historia ya Pwani ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Uchunguzi wa majina ya watu una mazoea ya kuridhika upesi. Mchunguzi huuliza jina limetoka katika lugha gani na lina maana gani. Akishajibiwa kwamba Halima ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwanamke mpole na mstahimilivu, au kwamba Zawadi ni kitu apewacho mtu kwa mapenzi, huona kazi yake imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu la namna hiyo ni nusu ya jibu tu, na kwamba mara nyingine hupotosha. Tutatoa mifano yetu hasa katika majina ya wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Wakati huo jina lile lile moja liliweza kutolewa na mama kwa binti aliyemzaa, na liliweza kutolewa na bwana kwa mtoto aliyemnunua. Kamusi haiwezi kutofautisha majina hayo mawili. Ni historia ndiyo iwezayo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila jina liulizwe maswali matatu. La kwanza, neno lenyewe limetoka wapi? La pili, ni nani aliyelitoa? La tatu, mwenye jina ameunganishwa na nani?

Chimbuko la maneno

Swali la kwanza ndilo jepesi kuliko yote. Sehemu kubwa ya majina ya wanawake wa pwani yalikuja pamoja na Uislamu, na ni majina ya wanawake wanaotajwa katika historia ya mwanzo ya dini hiyo: Khadija na Aisha, wake wa Mtume, Fatima na Ruqayya, binti zake, Halima, mama yake wa kunyonya. Katika vinywa vya Waswahili majina haya yalipata sura mpya. Fatima akawa Fatuma, Aisha akawa Asha au Esha, Ruqayya akawa Rukia, Zaynab akawa Zainabu. Mabadiliko haya si makosa ya matamshi, kama walivyodhani baadhi ya watu. Ni kanuni za sauti za Kiswahili zikifanya kazi yake, na ni ushahidi kwamba majina hayo yalikwisha kuwa mali ya wenyeji tangu zamani.

Kiarabu kina njia yake ya kumtofautisha mwanamke kwa umbo la neno: Salim na Salima, Jamil na Jamila. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, hakigawi nomino zake kwa kike na kiume. Basi mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa akiitwa Juma, dada yake aitweje? Waswahili walitumia neno lao wenyewe, mwana, wakapata Mwanajuma, ambalo katika matamshi ya kila siku limekuwa Mwajuma. Kwa njia hiyo hiyo tuna Mwanahamisi, Mwanaidi na Mwanaisha. Neno mwana lilikuwa pia na kazi ya heshima, hasa katika visiwa vya Lamu na jirani zake. Mtunzi wa utendi maarufu wa mwaka 1858 anajulikana kwa jina la Mwana Kupona binti Mshamu. Mapokeo ya Mombasa nayo humtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wa mji kabla ya Shehe Mvita. Katika majina hayo mwana si mtoto wa siku fulani, bali ni bibi wa cheo. Neno ni moja, kazi ni mbili, na tayari tunaona kwamba mzizi peke yake hautoshi.

Wakati, mpangilio na kinga

Kundi la pili ni la majina yaliyotungwa kwa maneno ya kila siku. Chausiku ni aliyezaliwa usiku. Pili na Tatu hutaja mpangilio wa kuzaliwa. Tabu, Shida na Mashaka hutaja hali ya wazazi wakati wa uzazi, na Sikujua na Sikudhani hutaja mshangao wao.

Majina haya yana ndugu zake bara. Wajaluo humwita binti Akinyi akizaliwa asubuhi, Achieng' jua likiwa kali, na Atieno akizaliwa usiku. Herufi ya mwanzo ikigeuzwa tunapata majina ya wavulana, Okinyi, Ochieng' na Otieno. Wakalenjin wana Chepkoech na Kipkoech kwa waliozaliwa alfajiri. Wakikuyu, kwa upande wao, hawatazami saa bali ukoo: binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Majina kama Wanjiku, Wambui na Nyambura hurudishwa hadi kwa mabinti wa Gikuyu na Mumbi, ambao koo zenyewe zaitwa kwa majina yao. Hata Warumi wa kale hawakuwa mbali na haya. Binti yao aliitwa kwa jina la ukoo wa baba katika umbo la kike, kama Tullia, binti Cicero; na wakiwa wengi nyumbani walitofautishwa kwa maneno yenye maana ya wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Katika kundi hili yamo majina yanayohitaji uangalifu mkubwa, nayo ni majina ya kinga. Mama aliyefiwa na watoto mfululizo aliweza kumpa mtoto jina la kumdunisha, ili jicho baya na mauti yamwone hana thamani. Wahausa wa Afrika Magharibi wana jina Ajuji, yaani jaa la takataka, na Bawa, yaani mtumwa. Pwani yetu ina Mtumwa na Kijakazi. Yafaa ikumbukwe kwamba majina hayo yalichukuliwa pia na watoto wa waungwana ambao hapana aliyewahi kuwauza. Jina lilisema uwongo kwa makusudi, na uwongo huo ulitokana na mapenzi.

Jina la aliyenunuliwa

Sasa tufikie swali la pili, la mpaji. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali kisiwani mpaka amri ya mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Hata amri ya 1897 haikuwahusu masuria. Mlango wao ulifunguliwa mwaka 1909. Katika miaka hiyo yote wasichana waliotekwa bara walifika pwani na majina waliyopewa na mama zao, kwa Kiyao, Kinyasa, Kizigua au Kinyamwezi. Aghalabu majina hayo hayakuvuka kizingiti cha nyumba ya bwana. Mtumwa alipewa jina jipya, na jina hilo mara nyingi lilikuwa neno zuri. Kwa wanaume twayajua Mabruki, Faraji, Feruzi na Almasi: aliyebarikiwa, faraja, na mawe mawili ya thamani.

Hapa ndipo kamusi inapotudanganya. Mabruki ni neno la baraka, lakini baraka hiyo ilikuwa ya nani? Mtoto aitwaye kwa jina la kito alikuwa kito cha mwenye mali. Zawadi aliyezaliwa na mama yake ni shukrani kwa Mungu. Zawadi aliyetolewa na mtu mmoja kumpa mwingine ni maelezo ya jambo lililotendeka. Maana ya neno haikubadilika hata kidogo, ila mpaji amebadilika, na kwa hiyo maana ya jina imegeuka. Na kinyume chake ni kweli: Mtumwa, jina baya, laweza kuwa la binti mwungwana aliyependwa mno. Hivyo uzuri wa neno haututhibitishii uungwana, wala ubaya wake hautuonyeshi utumwa.

Swali la tatu ni la kiungo. Mwanamke mwungwana wa pwani alikuwa binti wa fulani, na alibaki hivyo maisha yake yote. Ndoa haikumnyang'anya jina la baba, kwa kuwa sheria ya Kiislamu na desturi ya pwani hazimtaki mke achukue jina la mume. Mtumwa hakuwa na baba aliyetambuliwa na mji. Alikuwa wa fulani, na fulani huyo ni bwana wake. Hata akiachwa huru aliitwa mahuru wa fulani, na uhusiano ukabaki. Roma ya kale ilifanya vivyo hivyo kwa njia ya wazi zaidi, kwani aliyeachwa huru, mwanamume au mwanamke, alichukua jina la ukoo wa bwana wake wa zamani. Tatizo la mwanahistoria wa pwani ni kwamba katika miji kama Mombasa hata binti mwungwana aliweza kuitwa kwa kiungo hicho hicho cha wa. Silabi moja hubeba ubaba na umiliki pia, na msomaji wa nyaraka asiyekuwa mwangalifu huweza kumfanya bwana kuwa baba.

Jambo hili si dogo. Mnamo mwaka 1860 Rigby, balozi wa Uingereza Unguja, aliwaacha huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Kiingereza, na orodha yao ikaandikwa. Kwa wengi wa wanawake wa namna hiyo, mstari mmoja katika daftari ndio maisha yao yote kadiri maandishi yanavyoyajua. Tukiusoma vibaya mstari huo, hapana mwingine wa kutusahihisha.

Wanawake wawili, njia mbili

Mifano miwili ya Unguja yatosha kuonyesha faida ya maswali haya matatu. Wa kwanza ni mwimbaji aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880, wa baba Mnyamwezi na mama Mzigua, akapewa jina Mtumwa. Alihamia mjini, akajifunza kuimba taarabu, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Alipofariki mwaka 1950 jina lake lilikuwa limeenea pwani nzima, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Lakini jina hilo halikuwa Mtumwa. Mjini alipewa jina la Siti, neno la Kiarabu la kumheshimu bibi mkubwa.

Wengi husimama hapo, wakistaajabia safari ya kutoka Mtumwa hadi Siti. Sisi twaona kwamba neno zito zaidi ni lile linalofuata: binti Saad. Siti ni heshima aliyopewa na wengine, na iliyotolewa na wengine huweza kuondolewa na wengine. Binti Saad ni madai ya nasaba. Lasema kwamba mwanamke huyu, ambaye wazazi wake walitoka bara katika zama za utumwa, alikuwa na baba, na baba huyo ana jina, na mji mzima utamtaja kila umtajapo yeye. Jina la Saad lenyewe ni la Kiarabu, nalo halituambii lolote kuhusu Unyamwezi. Uarabu wa neno, kwa mara nyingine, si uthibitisho wa asili ya mtu.

Wa pili ni Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi aliyetekwa akiwa mtoto. Lakini mtoto wa suria hufuata cheo cha baba, na Salme alikuwa binti mfalme bila ya shaka yoyote. Aliondoka Unguja mwaka 1866, na mwaka uliofuata akabatizwa Aden na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani. Siku hiyo alipoteza majina yote mawili kwa pamoja: Salme akawa Emily, na mahali pa baba pakashikwa na Ruete, jina la mume. Alipochapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, aliongeza chini ya jina lake maneno ya kueleza kwamba alizaliwa binti mfalme wa Oman na Zanzibar. Desturi ya ugenini ilikuwa imemwondolea kiungo, naye akakirudisha kwa kalamu. Hivyo binti wa watu wa bara na binti wa Sultani walifanya jambo moja: kila mmoja alishikilia kule alikotoka.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maana ya jina la mwanamke katika historia ya pwani haikai katika mzizi wa neno peke yake. Hukaa pia katika haki ya kumwita mtu jina, na katika kiungo kinachomfunga na baba, bwana au mume. Vitabu vya kuwachagulia watoto majina vitaendelea kutwambia kwamba Zawadi ni zawadi, na mzazi wa leo anayempa bintiye jina hilo hana kosa. Yeye ndiye mpaji, na maana ni yake. Lakini mwanafunzi wa lugha anayefungua daftari la zamani ana wajibu mwingine. Akikuta jina zuri la mwanamke lisilo na binti mbele yake, asikimbilie kamusi kwanza. Na aulize ni nani aliyeliandika, ni nani aliyelitoa, na ni jina gani lililokuwapo kabla yake, ambalo mama mmoja huko bara aliendelea kuliita bila ya kuitikiwa.