Gereji Bubu Ilijua Nini? Historia ya Kuutafuta Ugonjwa wa Gari Kuukuu

Katika historia ya uchumi wa Tanzania tunayoifundisha vyuoni, miaka ya 1970 na 1980 husimuliwa kwa bei ya mafuta, uhaba wa fedha za kigeni na masharti ya wakopeshaji. Ni nadra kumkuta ndani ya simulizi hiyo fundi aliyelala chali chini ya Peugeot 504, akiwa na spana mbili na kipande cha msasa. Leo napenda kumtoa uvunguni. Hoja yangu ni kwamba uhaba ule ulizaa nidhamu ya maarifa, yaani nidhamu ya kutafuta chanzo cha hitilafu kabla ya kubadilisha kifaa. Dola haikuiheshimu nidhamu hiyo, na sasa inatuponyoka ilhali barabara zetu bado zimejaa magari kuukuu.

Tukumbuke kwanza hali ilivyokuwa. Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda takriban mara nne. Mwaka 1979 ikapaa tena, wakati nchi ikiwa imetumia rasilimali nyingi katika vita dhidi ya utawala wa Idi Amin. Fedha za kigeni zikawa adimu, na kipuri kilichoagizwa nje kikawa jambo la kibali na subira. Serikali ilifikia hatua ya kuyapiga marufuku magari binafsi barabarani kuanzia Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Mashirika ya UDA na KAMATA, yaliyotokana na kugawanywa kwa kampuni ya mabasi iliyotaifishwa, yalilemewa na mabasi yaliyosimama kwa kukosa vipuri. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa rasmi jijini Dar es Salaam, na daladala zikaingia katika historia. Kibali kilitoka ofisini, lakini uwezo wa kuyaweka magari yale barabarani ulitoka chini ya miembe.

Uwezo huo ulikuwa nini hasa? Tutazame injini. Injini ya petroli iliyokataa kuwaka inadai mambo matatu: mchanganyiko sahihi wa mafuta na hewa, mgandamizo wa kutosha, na cheche inayokuja kwa wakati wake. Fundi aliyafuata moja baada ya jingine. Alichomoa plagi na kuisoma kama daktari asomavyo ulimi wa mgonjwa. Ikiwa kavu baada ya stata kupigwa mara kadhaa, huenda petroli haifiki. Ikiwa imelowa petroli, shaka huhamia kwenye cheche, au kwenye kabureta inayomwaga kupita kiasi. Masizi makavu huashiria mafuta mengi kuliko hewa, na utelezi wa oili huashiria ringi zilizochoka. Kisha aliigusisha plagi kwenye chuma cha injini, msaidizi akapiga stata, naye akatazama kama cheche inaruka.

Cheche ikikosekana, alikwenda kwenye platini. Hapa ndipo nidhamu ninayoisema inapoonekana wazi. Platini zilizoungua zinaweza kusuguliwa na kurudishiwa pengo lake, na gari likawaka. Lakini mara nyingi kinachoziunguza ni kondensa mbovu iliyo pembeni yake. Anayebadilisha platini bila kuichunguza kondensa atarudi baada ya siku chache kununua nyingine. Katika miaka ambayo seti moja ya platini ilisubiriwa kwa majuma, kosa la namna hiyo halikuvumilika. Uhaba ulimlazimisha fundi kuuliza swali la pili: hiki kimeharibika, je, nani amekiharibu?

Kwenye breki swali hilo lilikuwa suala la uhai. Pedali iliyo laini kama sifongo, inayopanda ukiikanyaga mara kadhaa, husema kuna hewa ndani ya mabomba. Pedali inayozama polepole chini ya mguu, bila tone lolote kuonekana nje, huelekeza kwenye raba za masta silinda. Gari linalovutia upande mmoja lina gurudumu ambalo silinda yake imekwama, au ambalo bitana zake zimelowa mafuta. Hizi ni dalili tatu zenye vyanzo tofauti, na kuongeza mafuta ya breki tu hakutibu hata kimoja.

Sitaki nieleweke kwamba naupamba umaskini. Uhaba ulizaa pia hatari. Palipokosekana mafuta halisi ya breki, kishawishi kilikuwa kujazia chochote kinachoteleza. Oili ya injini huvimbisha raba za mfumo wa breki hadi zikashindwa kazi. Hata mafuta halali, yakikaa muda mrefu, hunyonya unyevu kutoka hewani. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga joto huugeuza unyevu huo kuwa mvuke, na pedali ikaenda chini bila upinzani. Fundi mwenye nidhamu aliyajua haya na aliweza kukataa kulifungua gari liondoke. Asiyekuwa nayo hakuwa na mtu wa kumzuia, kwa sababu hapakuwa na chombo kilichojali tofauti kati yao.

Umeme nao una funzo lake. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6, na injini ikiunguruma altaneta hupaswa kuipandisha hadi karibu na 14. Asiyekuwa na mita alitumia balbu ndogo yenye nyaya mbili, akaufuata umeme hatua kwa hatua hadi mahali ulipopotea. Mara nyingi aligundua kwamba betri inayolaumiwa ni nzima, na mkosaji ni waya wa ethi uliopata kutu kati ya injini na bodi. Lakini palikuwa pia na njia ya mkato tunayoijua sote: fyuzi ikiungua, huwekwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Taa huwaka, na dereva huondoka akishukuru. Fyuzi iliwekwa ife ili waya usiungue. Ukiinyamazisha, moto haukuondoka, umeuhamishia mahali pasipoonekana. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wataijua karatasi hiyo hata kama hawajawahi kufungua boneti. Ni ile ripoti ya mkaguzi inayopokewa, kusainiwa na kufungiwa kabatini.

Mahali pa maarifa haya tulipaita gereji bubu, kama tusemavyo bandari bubu, maana yake mahali pasipo katika daftari la serikali. Jina hilo linaeleza zaidi juu ya masikio ya dola kuliko juu ya kinywa cha gereji. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, amewapa mafundi wa Tanzania nafasi katika historia ya teknolojia na maendeleo. Wengi wetu tuliokaa karibu zaidi na gereji hizo tulizipita tukielekea maktaba.

Tangu mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na hasa baada ya magari yaliyotumika ya Japani kumiminika, vipuri vimepatikana kwa wingi, vya asili na vya bandia. Kompyuta ya kupimia gari nayo imefika. Ni chombo kizuri, lakini husema ni saketi ipi imeonekana na kasoro, wala haisemi daima ni kifaa gani kilichokufa. Bomba la hewa lililopasuka linaweza kuifanya kompyuta ilalamike kuhusu mchanganyiko wa mafuta, na mwenye gari akauziwa sensa mpya bure. Kubadilisha kumekuwa rahisi kuliko kuuliza.

Yapo ya kufanya. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Utaratibu huo upelekwe gerejini, na mtihani wake umpime fundi kwa namna anavyofikia chanzo cha hitilafu. Wanaharakati wanaopinga bomoabomoa za gereji za kando ya barabara waongeze hoja kwamba hapo pia pana chuo. Na wanafunzi wa historia wachukue madaftari wakawahoji mafundi waliofanya kazi wakati wa uhaba, kwani wengi wao ni wazee sasa. Wawaulize platini ilisuguliwaje, na nani aliwafundisha kuishuku kondensa. Majibu hayo hayamo katika nyaraka za wizara yoyote.