Meneja: kutoka kwa Omukama hadi nenosiri la YouTube

Mpiga nanga, ala ya nyuzi, wa Kihaya wa zamani hakuwa na meneja. Alikuwa na Omukama, yaani mfalme. Mtawala alimtunza, naye akaimba tenzi za mashujaa na kuusifu ukoo wa mtawala. Akimuudhi bwana wake, riziki imeota mbawa. Utawala wa jadi ulipofutwa baada ya Uhuru, nanga ikabaki harusini na kwenye vikao vya lubisi, pombe ya ndizi, na mlipaji akawa kamati ya harusi.

Mijini bosi alikuwa mwenye vyombo. NUTA Jazz, iliyoundwa 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mpiga gitaa alikula mshahara, na akihamia bendi nyingine gitaa analiacha.

Kagera, mkoa wa Wahaya, ilipata meneja wa aina nyingine 2001, mwimbaji Saida Karoli alipotoka na wimbo wa Maria Salome. Binti wa kijijini Bukoba aliimba kwa Kihaya juu ya ngoma, kanda ikavuka mpaka hadi Uganda. Nyuma yake alikuwepo Felician Mutakyawa, maarufu Muta, na kampuni yake ya FM. Soko la wakati ule liliruhusu mtu mmoja kuwa meneja, mwenye studio na msambazaji. Mimi naona huo ndio uliokuwa wakati mgumu kuliko nyakati zote: msanii alijulikana kila stendi, lakini hesabu ya kanda zilizouzwa haikuwa mkononi mwake. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudia wimbo ule kwa jina la Salome, na vijana ambao 2001 walikuwa bado wananyonya wakauimba kama mpya.

Ruge Mutahaba, aliyezikwa Bukoba 2019, alikuja na njia tofauti: kupitia Tanzania House of Talent (THT), kipaji kilifundishwa kwanza ndipo kikauzwa. WCB, lebo ya muziki ya Diamond, ikafanya kazi kwa mikataba. Msanii wake Harmonize akajitoa 2019, Rayvanny 2022.

Chipukizi wa Izigo, wilayani Muleba, leo anaweza kurekodi bila kupanda basi la Dar es Salaam. Anayejiita meneja wake mara nyingi ni rafiki mwenye simu nzuri, aliyefungua chaneli ya YouTube kwa baruapepe yake mwenyewe. Wakikosana, rafiki anaondoka na nenosiri, na nyimbo, watazamaji na malipo vinabaki kwake. Kwa hiyo kabla ya kuulizana asilimia, waulizane chaneli imesajiliwa kwa jina la nani.